Treni ya Bati

Habiba alizikwa Jumanne kabla ya adhuhuri, kama dini yake inavyotaka, nami nilifika Garsen Jumatano, kwa hiyo uso wake sikuuona. Nilikaa na wanawake wenzangu ndani ya nyumba ya mikeka aliyoijenga mwenyewe, nyuma ya ile nyumba ya mawe ya wanawe. Nikala wali wa matanga, nikanywa chai ya maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu, nikalia nikatulia. Nje, chini ya kibanda cha mabati, wanaume walikuwa wakimtaja marehemu kwa mema, na ukuta wa mkeka hauzuii neno. Nikasikia sauti ya mtu mzima ikisema polepole, kwa ule mtindo wa mtu anayejua kwamba matangani hatakatizwa: "Huyu mama nilimsimamia kazi zamani, kule kwenye pilipili. Wanawake wa siku zile walikuwa wavumilivu, jamani. Tuliwabeba kwenye lile trela, na jua la huku mnalijua, wala hakuna aliyelalamika. Walikuwa wamezoea joto." Sauti niliitambua kabla hajamaliza. Alikuwa Bwana Saa. Chai ilinipalia mpaka Makai, binti mkubwa wa Habiba, akanipigapiga mgongoni.

Hakuna aliyelalamika! Nimeishi miaka mingi na maneno hayo mawili, kuzoea na joto, na sijapata kuyasikia yakitoka kwa mtu anayeteseka. Huyasema aliye kivulini. Mwaka jana nilikuwa Nairobi kwa mwanangu, nikawa napanda naye treni ya asubuhi inayobeba wafanyakazi kwenda mjini. Ilikuwa ni kiangazi, madirisha mengine yamekwama, watu wamebanana kifua kwa mgongo, jasho la mwenzako linakuwa lako. Kijana mmoja mwenye tai alinisikia nikihema, akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Tana River akacheka, akasema, "Basi mama, wewe hili si joto kwako, umezoea." Mwanangu aliona uso wangu ukibadilika, akanishika mkono. Hakujua kwa nini mama yake, mtu mzima na mwenye adabu zake, alimjibu kijana wa watu kwa ukali hata behewa zima likageuka kututazama. Sikumweleza. Kueleza kungenilazimu kuanza na treni nyingine, ya kwanza kuipanda maishani mwangu, ambayo haikuwa na reli.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipotoka Hewani kwenda Garsen, na cheti changu cha kidato cha nne kimekunjwa ndani ya Biblia. Nilipanga chumba kwa mwanamke mmoja wa Kigiriama aliyeitwa Mama Dama, chumba cha udongo chenye paa la bati, kitanda cha kamba, na ndoo moja ya maji ambayo kufikia alasiri ungeweza kuyatilia majani ya chai. Mama Dama alipika mbaazi na mahamri ya kuuza, na kwa kuwa jiko lake lilipakana na ukuta wangu, nilijua habari za mji kabla hazijatoka mlangoni. Huko ndiko nilikosikia kwamba kampuni ya pilipili inaandika wanawake. "Wanataka vidole vyepesi," Mama Dama alikuwa akimwambia mteja wake, "lakini shamba liko mbali, huko karibu na mto. Watawabeba." Mteja akauliza kwa gari gani. Mama Dama akacheka. "Kwa treni," akasema.

Treni yenyewe ilikuwa trekta lililokokota trela mbili, moja nyuma ya nyingine. Jina lilitokana na mtu mmoja aliyewahi kuwa kibarua wa reli Mombasa, likashika. Trela ya nyuma ilibeba pilipili. Ilizungushiwa wavu, upepo unapita kushoto na kulia, juu ina makuti, na magunia yake yalimwagiwa maji ya mto pilipili zisije zikanyauka. Trela ya mbele ilitubeba sisi. Hiyo ilifungwa kwa mabati pande zote na juu, na mlango mmoja nyuma uliotiwa komeo kwa nje. Mwanzoni, niliambiwa, ilikuwa wazi. Lakini kuna mwanamke aliyeshuka njiani na pilipili ndani ya leso yake, na mwingine akaruka karibu na kwao bila kuaga, ndipo Bwana Saa akaagiza mabati. Tulimwita hivyo kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kutazama mkono wake wa kushoto. Hakuwa mgeni, na hilo ndilo lililonichoma. Alizaliwa Kinakomba, mtoto wa mto kama mimi, amelima kingoni maji ya mto yakipungua kama tulivyolima sisi, na anajua kama tunavyojua sote kwamba saa za jua kali hazina safari. Mkulima wa huku huingia shambani kungali na umande, jua likipanda anarudi kivulini. Mfugaji naye huwapumzisha ng'ombe wake saa hizo. Sisi tulitolewa shambani saa saba mchana, tukafungiwa ndani ya bati kwa mwendo wa saa moja na nusu, kwa sababu lori la kupeleka pilipili Mombasa lilikuja Garsen saa tisa.

Sijui nilieleze vipi joto lile kwa mtu ambaye hakulionja. Bati lilikuwa haliegemeki. Tulikaa tumejikunyata katikati, wanawake ishirini na kitu, tukiviepuka vyuma, na trela ilipoyumba kwenye shimo, wa pembeni walipiga kelele kwa kuungua. Mikono yetu ilikuwa na utomvu wa pilipili, kwa hiyo jasho likiingia jichoni hukuthubutu kulifuta. Ulilia tu, ukaacha machozi yafanye kazi yake. Miiba ya miti ya mathenge ilikwaruza mabati nje kwa sauti ya kuumiza meno. Na katika tundu la msumari lililokuwa usawa wa jicho langu niliweza kuiona trela ya nyuma tukikata kona: pilipili zimelala kwenye magunia mabichi, makuti yanatikisika kwa upepo.

Habiba alikuja mwezi wa pili wa kazi yangu. Alikuwa Muorma, mke mpya, mrefu, mwembamba, na mumewe alikuwa ameenda mbali na ng'ombe kutafuta malisho. Wapokomo tulikaa mbele ya trela na Waorma nyuma, hakuna aliyeamuru, ndivyo ilivyokuwa tu. Lakini siku ya kwanza yeye hakukaa. Alisimama mlangoni akaligonga bati kwa kifundo cha kidole, akalitazama paa, akapapasa pembe zote nne, uso umekunjamana kama mtu aliyepewa nyama iliyochacha. Kwao nyumba hujengwa na mwanamke. Yeye ndiye anayekata fito, anayezipinda, anayesuka mikeka na kuifunika, na wakihama ndiye anayeifungua na kuifunga juu ya mnyama. Nyumba ni yake, mume huingia kwa hisani. Basi akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu, "Hii nyumba nani alijenga?"

"Fundi wa kampuni," nikamjibu.

"Mwanamume?"

"Mwanamume."

"Ah!" akasema, akakaa pale pale kando yangu. "Basi."

Trela nzima ilicheka, mbele na nyuma. Kuanzia siku hiyo alikaa nami mbele. Alinipa maziwa ya kibuyu chake, nami nikampa muhogo wa kuchemsha. Alinicheka kwa kuogopa ng'ombe, nikamcheka kwa kuogopa samaki. Baada ya wiki chache akaniambia, kwa kuushika mkono wangu na kuuweka tumboni mwake bila neno, kwamba ana mimba. Ilikuwa ya kwanza. Alipofika mwezi wa tano alianza kuona kizunguzungu ndani ya trela, na siku moja alinilalia begani nikadhani amesinzia, kumbe amezimia. Tulipofunguliwa akazindukana, akanywa maji, akasema neno ambalo kila nikilikumbuka naona aibu. "Salome, kesho sisi tunatoa hii bati. Mimi nitaleta mikeka. Kazi ya asubuhi moja tu."

Na mimi, msomi, nikamkatalia. Nilimwambia mali ya kampuni haiguswi hivi hivi, kuna utaratibu, nitaandika barua. Niliandika kwa mwandiko wangu bora, kwa jina la wafanyakazi wote, nikaomba kwa unyenyekevu madirisha mawili kila upande, nikaeleza kuna mjamzito. Wanawake wakaweka dole gumba, mmoja mmoja. Nilimkabidhi Bwana Saa mikononi ili aipeleke ofisi kubwa Mombasa. Aliisoma amesimama, akatazama saa. "Madirisha!" akasema. "Nyinyi watu mmezaliwa kwenye jua hili. Mmezoea joto. Haya, nitaipeleka." Sijui lipi liliniuma zaidi, joto au hilo "nyinyi" kutoka kwa mtu wa Kinakomba. Lakini alisema ataipeleka, nami nikarudi kwa Habiba kifua mbele nikamwambia tungoje majibu. Tukangoja wiki ya kwanza. Akaniuliza, "Barua imerudi?" Nikasema bado. Tukangoja ya pili. Kila siku alipanda trela ile kwa sababu aliniamini.

Alhamisi ya wiki ya pili, kwenye kona katikati ya njia, kilikatika kile chuma kinachounganisha trela na trekta. Dereva, mzee Buya, alisema anakwenda na trekta kutafuta kingine, akaondoka. Tukabaki tumesimama mahali pasipo mti upande wetu, tumefungiwa. Bila mwendo hata ule upepo mdogo wa kwenye matundu ya misumari ulikufa. Bwana Saa alikuwa amefuata nyuma kwa pikipiki. Nilimwona kupitia tundu langu akiegemea trela ya pilipili, penye kivuli cha makuti. Tukapiga bati kwa viganja na kwa ndala. "Tufungulie! Kuna mtu mgonjwa humu!" Akajibu, wala hakuwa na hasira, na hilo sitalisahau, alijibu kwa sauti ya kubembeleza: "Vumilieni kidogo. Nikifungua mtatawanyika, na lori linangoja. Mmezoea joto nyinyi." Kisha akachukua mtungi, akayamwagia magunia maji. Tulikuwa tunayasikia yale maji yakidondoka. Habiba alikuwa amelala mapajani mwangu, ameishika leso yangu kwa meno. Hakupiga kelele. Wanawake ndio waliopiga, Wapokomo na Waorma, hata sauti zikawakauka. Ilipita saa nzima, labda zaidi, hadi Buya aliporudi, akasikia, akamsukuma Bwana Saa kando na kuvuta komeo mwenyewe.

Mtoto alitoka alfajiri ya siku ya pili yake. Alikuwa wa kike, hakuwa na pumzi. Wanawake wa kwao walimzika kando ya boma, na mimi nilisimama mbali kidogo, kwa kuwa sikujua kama naruhusiwa kusogea. Niliporudi chumbani nilimsikia Mama Dama jikoni akimsimulia mteja. "Eti ni mapenzi ya Mungu," akasema mteja. Mama Dama akalibwaga sufuria. "Mungu ndiye aliyelitia komeo lile?" Nilikaa kitandani nikalitafuta kosa langu, na sikuhitaji kutafuta mbali. Asingenisikiliza mimi, au mimi ningemsikiliza yeye, trela ile ingekuwa imevuliwa bati wiki mbili kabla. Nilimkasirikia Bwana Saa, nikaikasirikia kampuni, lakini hasira iliyoninyima chakula ilikuwa yangu mwenyewe, kwa ile barua yangu nzuri.

Habiba alirudi kazini baada ya siku arobaini. Trela ililala kando ya barabara pale tulipopandia, na asubuhi hiyo, kabla jua halijachomoza, nilimkuta amekwisha kushusha punda mzigo: fito, kamba za milala, mikeka. Hakunisalimia. Alinipa panga, akaonyesha msumari wa kwanza. Tukang'oa. Wanawake walipokuwa wakifika waliweka chini vikapu vyao na kuanza kung'oa pia, na mabati yakalala chini moja baada ya jingine. Kisha akatuamuru: wewe shika hapa, wewe pinda, usikaze sana, acha nafasi chini upepo uingie. Wapokomo tunajua kusuka mikeka, lakini kujenga nyumba ya mikeka hatujui, siku hiyo tulikuwa wanafunzi wake. Jua lilipotoka, juu ya magurudumu ya kampuni palikuwa na nyumba ya Kiorma, mgongo wa duara, pande zake zinakunjwa na kushushwa. Mzee Buya aliizunguka mara mbili, akavua kofia, akapanda trekta lake.

Bwana Saa akafika. "Nani kaharibu mali ya kampuni?"

Habiba alikuwa akifunga kamba ya mwisho, hakugeuka. "Bati yako iko pale chini," akasema. "Jenga wewe."

Alitazama mabati, akatutazama sisi, akatazama saa. Shambani pilipili zilikuwa zimewiva, na lori haliji kwa ajili ya trela tupu. Hakuna mwanamke aliyepanda mpaka aliposema, "Haya, twendeni." Tulipanda tukiimba. Mchana huo, tukirudi saa saba ileile, upepo ulipita kati yetu, nikamwona Habiba amefumba macho na jasho linamkauka shingoni, na nikatamani kufurahi, nikashindwa, kwa kuwa nilijua anafikiria nini. Wiki ile ile tukafukuzwa mimi na yeye. Mikeka haikuguswa. Ilibaki juu ya trela mpaka kampuni yenyewe ilipofunga virago, na wanawake waliobaki walikuwa wakiishona ilipochanika. Mimi nilihama, nikaolewa, nikazeeka. Habiba hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu Jumatano ile, huku Bwana Saa akisifiwa kwa maneno yake mazuri. Jua lilikuwa limefika pale linapochoma, na kibanda cha mabati cha wanaume kilikuwa kimeanza kulia kwa kutanuka. Makai akatoka kupeleka maji, akarudi mbio. "Mama mdogo, yule mzee mwenye fimbo hajisikii vizuri. Anatokwa na jasho jingi. Nimwingize humu kwenye ubaridi? Humu hawaingii wanaume, lakini sasa mama hayupo, nimeona nikuulize wewe."

Nikasema kwa sauti, nikijua kwamba mkeka hauzuii neno, "Mwache huko huko. Amezoea joto."

Wanawake wakanigeukia. Nje maongezi yakakatika. Makai hakuelewa, alidhani natania, akatabasamu nusu. Kisha tukasikia fimbo ikija, tik, tik, ikasimama mlangoni. Mlango wa nyumba ile ni mfupi, huwezi kuingia bila kuinama, naye hakuinama, alisimama hapo na sisi tukaona miguu yake tu, na ncha ya fimbo.

"Salome," akasema. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

Akaegemea fimbo, akihema. "Ile barua sikuipeleka. Niliiweka mfukoni mwa koti. Niliogopa wataniuliza kwa nini niliweka mabati."

Nimekuwa nikidhani miaka yote hii kwamba kuna mtu Mombasa, kwenye ofisi yenye feni, aliyesoma mwandiko wangu na kusema hapana. Nilikuwa nimemchukia mtu huyo kwa uaminifu mkubwa. Kumbe hakuwapo. Tulingoja wiki mbili majibu ya mfuko wa koti. Makai alinitazama mimi, akautazama mlango, na nikaona kwamba ameanza kuelewa, maana mama yake alimwambia kwamba kulikuwa na mtoto kabla yake. Alikuwa anangoja niseme. Na nilitaka kusema aende zake, afie kwenye bati lake. Lakini nyumba ile haikuwa yangu. Kila fito humo aliipinda Habiba, na katika maisha yake yote sijamwona akimwacha kiumbe juani, hata mbuzi wa jirani.

"Ingia," nikamwambia.

Akainama, akaingia, akakaa karibu na mlango. Makai akaukunja mkeka wa upande wa mto, na upepo ukaja taratibu kama ulivyojengewa njia. Nikaona jasho likimkauka Bwana Saa shingoni. Nilikuwa na upepeo wa ukindu mkononi, wa Habiba mwenyewe, niliopewa asubuhi. Aliutazama. Nikaendelea kujipepea.